Ramadhani ya Kaskazi: Tupoze Nyumba Bila Israfu

(Mada iliyotolewa katika darsa ya vijana baada ya swala ya Alasiri, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, dada yangu msomaji, mada niliyopewa ni israfu. Mada hii tumeizoea. Kila Ramadhani tunakumbushwa israfu ya chakula, sambusa zinazobaki na mahamri ya jana yanayotupwa jaani. Ni kweli, na ni vizuri tukumbushwe. Lakini iko israfu nyingine ambayo haionekani jaani wala hainuki. Nayo ni israfu ya umeme tunaoutumia kujipoza na joto. Hii huonekana mahali pamoja tu, kwenye mita ya tokeni ukutani. Ile mita haina huruma. Yuniti zikiisha saa nane za usiku, feni inasimama, watoto wanaamka wanalia, na mama ndiye anayetafuta simu gizani anunue tokeni ya shilingi mia.

Kwa nini tuzungumze jambo hili sasa? Kwa sababu mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa miladi kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Ya 2026 imeangukia Februari na Machi. Itazidi kurudi nyuma, na kufikia mwaka 2030 itakuwa Januari, na tena Disemba. Maana yake nini? Sisi watu wa Pwani tutafunga ndani ya kaskazi kwa miaka kadhaa mfululizo.

Na kaskazi tunaijua. Mombasa mchana joto hufika digrii 32 au 33, na hewa ni nzito kwa unyevu, jasho linatoka lakini halikauki. Ndugu zetu wa Garissa na Wajir wao hufika digrii 36 na kupita, ingawa hewa yao ni kavu. Mapema mwezi wa Machi, jua la saa sita huko Mombasa hupita karibu kabisa juu ya utosi. Katika hali hiyo mtu amefunga saa 13 hivi, amerudi kazini au shuleni, kiu imemshika. Akiingia ndani, jambo la kwanza ni swichi.

Je, kujipoza ni israfu?

Hapana, jamani. Tusiifanye dini kuwa nzito kuliko alivyotuletea Mtume (S.A.W). Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba alionekana akijimiminia maji kichwani naye amefunga, kwa sababu ya kiu au joto. Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba Abdullah bin Umar (R.A) alirowesha nguo akajifunika nayo akiwa na saumu, na kwamba Anas bin Malik (R.A) alikuwa na chombo cha maji akiingia ndani yake hali amefunga. Hata swala ya Adhuhuri, joto likizidi, Mtume (S.A.W) aliagiza icheleweshwe kidogo mpaka kupoe, na hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim.

Kwa hivyo kukimbia joto si kosa, wala saumu haipungui thawabu kwa kukaa penye upepo. Lakini hebu tazama walivyojipoza watu wale. Walipoza mwili. Maji kidogo kichwani, nguo iliyoroweshwa, wakati wa swala uliosogezwa. Hawakutumia mali nyingi kwa haja ndogo.

Na israfu ni nini? Ni kupita kiasi cha haja. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumehalalishiwa kula na kunywa, na papo hapo tukakatazwa kupita kiasi. Katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wametajwa kuwa na udugu na mashetani. Mwezi huu tunasema mashetani wamefungwa minyororo, halafu udugu nao tunauendeleza nyumbani!

Utamsikia mtu akisema, "Tokeni nimenunua mimi, pesa ni zangu, wewe inakuuma nini?" Ndugu yangu, israfu kwa kawaida huwa katika mali ya mtu mwenyewe. Ukichezea mali ya mwenzio, hilo lina jina jingine, linaitwa dhuluma.

Ubaridi hautengenezwi, joto huhamishwa

Sasa tuingie ndani ya mada. Kiyoyozi, au AC kama tunavyoizoea kuiita, hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililo ndani ya chumba na kulitupa nje. Kazi yake ni ya hamali. Kila joto uliloliruhusu kuingia, hamali huyu atalibeba kulitoa, na kila mzigo utaulipia. Likiingia kwa paa, utalipa. Likiingia kwa dirisha, utalipa. Ukiliwasha mwenyewe jikoni, utalipa mara mbili, gesi ya kuliwasha na umeme wa kulitoa.

Basi akili ni ipi? Ni kuzuia joto mlangoni kabla hujalipia kulifukuza. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na hili ndilo jambo moja ninalotaka ulishike katika mada hii yote. Haya mengine ni ufafanuzi wake.

Kwanza: Zuia jua lisiingie

Katika Suratun Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu anatuhesabia neema zake, na miongoni mwazo ni vivuli alivyotufanyia na mavazi yanayotukinga na joto. Kivuli ni neema iliyotajwa kwa jina ndani ya Qur'ani. Wazee wetu waliielewa vizuri kuliko sisi. Nenda Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Utaona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu zilizobebwa na boriti za mikoko, na vichochoro vyembamba ambavyo jua halipati nafasi ya kushuka mpaka chini. Nyumba moja inamtilia mwenzake kivuli. Watu wale waliishi na kufunga katika kaskazi hii hii, na hawakuwa na hata waya mmoja wa umeme.

Sisi leo tumejenga fleti za zege na vioo, au tumeezeka mabati bila silingi, halafu tunashangaa. Zege hunywa jua mchana kutwa, na usiku linatutapikia. Ndiyo maana saa nne za usiku nje kuna upepo mzuri, na wewe ndani umelala kama uko ndani ya tanuri la mkate.

Tufanye nini basi? Si kila mtu anaweza kubomoa na kujenga upya, wengi wetu ni wapangaji. Lakini haya yanawezekana:

Paa ndilo adui mkubwa, kwa sababu jua letu la saa sita liko juu moja kwa moja. Kama paa lenu ni la zege, lipakeni chokaa nyeupe kabla ya kaskazi kuingia. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua huko lilikotoka. Chokaa ni rahisi, na vijana wa jengo moja mnaweza kuifanya kazi hiyo Jumapili moja, kwa kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Kama ni mabati, silingi hata ya mbao nyepesi huleta tofauti, mradi pawe na matundu ya kutolea ile hewa ya moto iliyokwama katikati.

Madirisha ya mashariki hupigwa na jua asubuhi, na ya magharibi hupigwa alasiri. Yakinge kwa zamu. Na kinga ya nje ni bora kuliko ya ndani. Pazia husaidia, lakini jua likishapita kioo joto limekwisha ingia. Mkeka wa zamani au jamvi likining'inizwa nje ya dirisha au kwenye baraza, jua linaishia huko huko.

Na mwenye kiwanja, apande mti. Mwarobaini hauhitaji kubembelezwa, na mkungu una kivuli kipana. Tumefundishwa katika hadithi sahihi kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, mnyama au ndege huandikiwa kuwa ni sadaka yake. Panda mwaka huu, na watoto wako watafuturu chini yake.

Pili: Ruhusu upepo upite

Upepo una tabia moja. Hauingii mahali usipopata pa kutokea. Ukifungua dirisha moja tu, umeufungulia mlango na kuuzibia njia. Fungua mbili, zinazotazamana, na milango ya katikati iwe wazi. Ile nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani na vyumba pande zote mbili, ilijengwa hivyo kwa akili. Ukumbi ule ni njia ya upepo. Leo tumeuziba kwa makabati na masanduku.

Jioni, baada ya Magharibi, hewa ya nje huanza kupoa kuliko ya ndani. Hapo fungua kila kitu, na kama una feni ya kusimama, igeuze itazame nje ya dirisha kwa nusu saa. Utaona inavyotoa ile hewa ya moto, na hewa ya nje inaingia kwa dirisha jingine. Acha wazi mpaka baada ya Alfajiri. Kwa ajili ya mbu, weka wavu dirishani. Watu wengi hufunga madirisha saa kumi na mbili jioni kwa kuogopa mbu, na wakajifungia joto la mchana mzima ndani. Wavu hununuliwa mara moja, na tokeni hununuliwa kila wiki.

Tatu: Punguza moto unaowashwa ndani

Hapa nataka vijana wa kiume wasikilize zaidi.

Chumba cha joto kuliko vyote katika nyumba ya Ramadhani ni kipi? Ni jikoni. Kuanzia saa tisa mpaka adhana ya Magharibi jiko linawaka, mafuta ya bajia yanachemka, mvuke wa tambi na viazi vya karai umejaa. Na nani yuko humo? Mama, au dada, naye amefunga kama wewe. Na feni iko wapi? Iko sebuleni, inampepea kijana aliyelala akisubiri adhana na simu mkononi. Hii si israfu tu, ni kukosa haya.

Bibi Aisha (R.A) alipoulizwa Mtume (S.A.W) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa swala akatoka kwenda kuswali. Basi wewe nawe, saa kumi jioni, beba feni uipeleke jikoni. Ielekeze kwa mpishi, isielekee kwenye moto wa gesi. Kisha chukua kisu ukate vitunguu.

Na mapishi yenyewe yapangwe. Nyama ya sambusa yaweza kupikwa asubuhi mapema kungali na baridi. Maharagwe na nazi hali kadhalika. Funika sufuria, kwa maana sufuria iliyo wazi inakula gesi na kumwaga mvuke ndani ya nyumba, na mvuke ndio unaozuia jasho lako lisikauke. Kama kuna uani au baraza ya nyuma, jiko litoke huko. Na tujiulize, futari ya vyakula vinane ni ya haja, au ni ya macho?

Friji nayo hutoa joto kwa nyuma. Isogezwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja, isipate jua, na chakula cha moto kipoe kwanza kabla ya kuingizwa. Maji ya kunywa wakati wa futari yanaweza kutoka kwenye mtungi wa udongo. Mtungi hupoza maji kwa kutokwa na jasho, kama tunavyopoa sisi, na hauna waya. Taa za zamani za wati 60 nazo ni majiko madogo, sehemu kubwa ya umeme wake huwa joto. Taa ya LED ya wati 9 inatoa mwangaza kama ule ule.

Nne: Poza mtu kabla ya chumba

Feni haipozi chumba. Inampoza mtu, kwa kulikausha jasho lake. Kwa hivyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haifanyi kazi yoyote. Ukiinuka kwenda kutawadha, zima.

Tufanye hesabu, tena hesabu nyepesi. Chukua bei ya yuniti moja kuwa shilingi 30, ili iwe rahisi. Wewe angalia risiti yako, kwa sababu bei hubadilika mwezi hadi mwezi.

Feni ya silingi hutumia kama wati 70. Ikifanya kazi saa 10 za usiku, hiyo ni yuniti 0.7, yaani shilingi 21. AC ndogo ya chumba kimoja hutumia kama wati 1,000 kompresa ikiwa inafanya kazi. Tuseme umeiwasha saa 8, na kompresa inafanya kazi robo tatu ya muda huo. Hizo ni yuniti 6, yaani shilingi 180. Usiku mmoja wa AC ni zaidi ya usiku 8 wa feni. Kwa mwezi wa siku 30, feni ni shilingi 630 na AC ni shilingi 5,400.

Na si hayo tu. Mpango wa bei ulioanza Aprili 2023 uliwagawa wateja wa nyumbani kwa matumizi yao ya mwezi: wasiozidi yuniti 30, wa kati mpaka 100, na wanaozidi 100, na bei ya yuniti hupanda kwa kila daraja. AC peke yake, kwa hesabu yetu, ni yuniti 180. Imekupandisha daraja la juu kabla hujawasha taa. Bandu bandu huisha gogo.

Basi kabla ya rimoti, jaribu haya. Oga kabla ya kulala, na ulale mwili ungali na unyevu chini ya feni. Lala na kikoi au kanga nyepesi ya pamba, si nguo za nailoni. Feni iwe karibu na kitanda, maana chandarua hupunguza nguvu ya upepo. Walioko Garissa na Wajir, ambako hewa ni kavu, waning'inize shuka iliyoroweshwa mbele ya dirisha lenye upepo, watapata ubaridi mzuri. Huku Pwani hewa ina maji tayari, shuka ile itasaidia kidogo tu. Kwetu ni bora kitambaa kilichorowa kiwe shingoni na mikononi, chini ya feni.

Na katika maji pia tusifanye israfu, kwa sababu Mombasa maji nayo ni shida. Mtume (S.A.W) alitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyojazwa, na akaoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Nusu ndoo kwetu ni nyingi.

Tano: Mwenye AC aitumie kwa adabu

Sisemi AC ni haramu. Aliyeruzukiwa ashukuru, na kushukuru neema ni kuitumia mahali pake. Chagua chumba kimoja, familia ilale humo usiku wa joto kali, badala ya kuwasha vyumba vitatu. Ziba nyufa za mlango na dirisha. Weka digrii 25 au 26, kisha washa feni juu yake, utahisi kama uko katika digrii za chini zaidi. Wako wanaobonyeza mpaka 16 wakidhani chumba kitapoa haraka. AC ya kawaida ina kasi moja tu. Kuweka 16 hakuiharakishi, kunaizuia isipumzike. Mwisho wake mtu anajifunika blanketi Mombasa, mwezi wa Machi!

Safisha kichujio kila baada ya wiki mbili, vumbi likiziba mashine inahangaika na tokeni zinaliwa. Tumia saa ya kujizima yenyewe, chumba kikishapoa kwa saa 3 hivi, feni imalizie usiku. Kwa hesabu yetu, saa 3 za AC ni kama shilingi 67, ongeza feni shilingi 21, jumla haifiki 90. Umetoka kwenye 180, umekata nusu, na umelala vizuri. Na anayenunua mpya atazame karatasi ya nyota inayobandikwa kwenye mashine, nyota nyingi maana yake umeme kidogo.

Sita: Joto lako lisimfikie jirani

Nilisema AC inatupa joto nje. Nje ni wapi? Katika fleti zetu zilizobanana, nje ya kwako ndiyo ndani ya mwenzako. Ile mashine ya nje inapuliza hewa ya moto kwenye dirisha la jirani ambaye hana hata feni, na maji yake yanadondokea nguo zake zilizoanikwa. Sharia yetu imejengwa juu ya kanuni kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe. Kabla ya fundi kutoboa ukuta, toka nje usimame pale inapoelekea. Je, ungependa wewe ulale hapo?

Tena kuna jirani wa mbali. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa Olkaria, maji ya mito, na upepo wa Turkana. Lakini jioni, kila nyumba inapowasha kwa pamoja, mitambo ya mafuta husaidia, na gharama ya mafuta hayo huingizwa katika bei tunayolipa sote, hata yule mjane mwenye balbu moja. Ukipunguza saa moja hadi saa nne usiku, umempunguzia na yeye.

Na nyumba ya Mwenyezi Mungu isisahauliwe. Umeme wa msikiti hulipwa kwa wakfu na sadaka za watu. Ni amana. Safu moja ya watu wakati wa Adhuhuri na feni zote za ukumbi zinazunguka, au AC inawaka na milango iko wazi, hilo tutaulizwa. Vijana wa jumuiya wachukue jukumu hili, mmoja kwa kila swala, kuwasha palipo na watu na kuzima wakitoka.

Tahadhari

Hakuna lolote katika haya linaloruhusu kumtesa mtu ili kuokoa tokeni. Mzee, mgonjwa wa moyo au sukari, mja mzito na mtoto mchanga, hao wapewe chumba chenye ubaridi kuliko vyote, na kama ni AC, iwashwe. Hiyo ni haja, na haja si israfu. Mtu aliyefunga akianza kuchanganyikiwa maneno, kuzirai au mwili kuwaka moto, afungulishwe mara moja, alazwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, na akimbizwe hospitali. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Na wenye nchi za joto kali wakumbuke, hewa ikipita digrii 35 hivi, feni peke yake hupuliza moto, lazima maji yatangulie mwilini.

Mwisho

Ndugu msomaji, nakuomba ufanye jambo moja kuanzia leo. Andika namba ya yuniti zilizobaki kwenye mita yako usiku huu, kisha uiandike tena baada ya siku 7. Wiki inayofuata, zuia jua, fungua upepo, peleka feni jikoni, zima pasipo na mtu. Andika tena. Tofauti utaiona kwa macho yako, hutahitaji mhadhara wangu.

Na tofauti hiyo usiirudishe kwenye anasa nyingine. Tulipokata AC kutoka saa 8 mpaka 3, tulibakisha kama shilingi 2,700 kwa mwezi. Wako majirani ambao kwao hiyo ni futari ya siku nyingi. Iweke nia tangu mwanzo: hiki ninachokizuia kisipotee, nakitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hapo kule kuzima swichi kwenyewe kunakuwa ibada, na joto unalolivumilia kidogo linakuwa na malipo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, atupunguzie joto la dunia, atuepushe na joto la akhera, na atujaalie tuwe wenye kushukuru neema kabla hazijaondoka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.